Kliniki ya watoto imefika mwisho: kijana mwenye ugonjwa wa viungo aende wapi?

Binti yangu alipotimiza miaka 17, daktari wake wa watoto alifunga daftari, akanirudishia, akasema, "Mama, huyu sasa amekuwa mkubwa. Kuanzia mwakani aende kwa madaktari wa watu wazima." Hakusema kwa nani, lini, wala kwa barua gani. Nami sikuuliza. Nilimshukuru kwa miaka 7 aliyotushika mkono, tukapanda taksi kurudi Busia.

Miezi 8 ikapita bila mtu kumpima damu wala kumwangalia macho. Vifundo vya mikono vilipoanza kuvimba tena, akiwa bwenini, S5 (kidato cha tano), tulikimbilia hospitali ya kwanza iliyotupokea. Viungo vilitulia. Lakini jicho la kushoto, ambalo halikuwa likimuuma hata kidogo, lilikuwa limeshaathirika, na nuru yake haikurudi yote.

Tangu hapo wazazi wenzangu huniletea swali lilelile: mtoto anatoka kwa daktari wa watoto, tumpeleke wapi? Hapa Uganda ninazijua njia nne, na moja ya pembeni kwa sisi tunaoishi mpakani na Kenya. Nitazipima zote kwa vigezo vilevile, nikikumbuka jambo moja: vijana wengi wanaopotea hawapotei kwa kuchagua hospitali mbaya. Wanapotea katikati, baada ya miadi ya mwisho ya utotoni na kabla ya miadi ya kwanza ya ukubwani.

## Ugonjwa wenyewe

Kwa Kiswahili tunasema baridi yabisi, na neno hilo hubeba kila maumivu ya kifundo, ya bibi na ya mjukuu. Baridi yabisi ya utotoni ni ile inayoanza kabla ya miaka 16 na kudumu wiki 6 au zaidi bila sababu nyingine kupatikana. Karibu nusu ya watoto hao huingia utu uzima ugonjwa ukiwa bado hai. Ndiyo maana maneno "ataacha akikua" yamewaumiza wengi. Lupasi ni ndugu yake mkali zaidi: kinga ya mwili hushambulia ngozi, viungo, damu na mara nyingi figo, na kwa wasichana huanza sana katika umri wa kubalehe. Kuna pia ugonjwa wa misuli na ngozi, na mingine michache.

Homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo ina njia yake. Kijana huyo hufuatiliwa na madaktari wa moyo, na mlango mkuu ni Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago. Nitairudia baadaye, kwa sababu ina funzo letu sote.

## Vigezo

Cha kwanza, nani anaujua ugonjwa. Madaktari bingwa wa viungo nchini ni wachache sana, na karibu wote wako Kampala. Mara nyingi atakayemwona kijana wako ni daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, yule tunayemwita fizishani.

Cha pili, dawa na vipimo. Anayemeza methotreksati, dawa ya kutuliza kinga inayoshambulia viungo, anahitaji picha ya damu na kipimo cha ini kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu. Mwenye lupasi anahitaji kupimwa mkojo kila miadi, kwa sababu figo huharibika kimyakimya. Anayemeza haidroksiklorokwini, dawa inayotumiwa sana kwa lupasi, anahitaji kuangaliwa macho mwanzoni, kisha kila mwaka baada ya miaka kadhaa ya dawa. Na mwenye baridi yabisi ya utotoni, hasa iliyomwanza akiwa mdogo, anaweza kupata uvimbe ndani ya jicho bila wekundu wala maumivu. Huonekana tu kwa ile mashine ya taa ya madaktari wa macho.

Cha tatu, safari na fedha. Hospitali za serikali ziliondoa malipo ya wagonjwa mwaka 2001, isipokuwa wodi za kulipia. Lakini nauli, chakula, kulala, na dawa iliyoisha famasi ya hospitali vinabaki mfukoni mwako.

Cha nne, sauti ya kijana. Je, anaulizwa yeye, au anaulizwa mama yake? Je, kuna dakika tano za kuzungumza na daktari bila mzazi?

Cha tano, siku ugonjwa ukiamka. Usiku wa Jumapili, homa imepanda na goti limejaa maji, mlango gani unafunguka?

## Njia ya kwanza: kubaki kwa daktari wa watoto kwa muda

Katika hospitali nyingi za umma wodi ya watoto hupokea mpaka miaka 12 au karibu na hapo. Hata hivyo, kliniki za magonjwa ya muda mrefu mara nyingi huendelea kuwaona vijana wao kwa miaka kadhaa baada ya umri huo. Madaktari wengi wa watoto wana huruma hiyo, na nawaheshimu kwayo.

Nani anaujua ugonjwa. Hapa njia hii inashinda. Daktari huyu anajua kwamba kifundo cha kulia ndicho kilichoanza, kwamba dawa fulani ilimtapisha, kwamba baba alifariki mwaka ule dozi zilipovurugika. Anajua macho yanapaswa kuangaliwa bila kukumbushwa.

Dawa na vipimo. Hakuna kinachobadilika, na hiyo ni nafuu kubwa mwaka wa mtihani.

Safari na fedha. Kama zamani.

Sauti ya kijana. Hapa ndipo panapopwaya. Kwa miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nikijibu. Daktari akiuliza, "Analalaje?" nilijibu mimi. Akiuliza kama dawa zinamezwa, nilijibu mimi, na sikuwa bwenini. Binti alikuwa akiruka dozi kwa sababu prednisoloni, dawa ya kushusha uvimbe, ilimvimbisha uso na wenzake wakamcheka, na hilo nililijua baada ya mwaka mzima. Tena kuna mambo ambayo chumba chenye picha za wanyama ukutani hakiyapi nafasi: pombe, mpenzi, mimba. Methotreksati humdhuru mtoto aliye tumboni, na msichana lazima alisikie hilo kutoka kwa daktari kabla ya kuwa na sababu ya kulihitaji. Kwa mvulana nako pombe pamoja na dawa hiyo huelemea ini.

Siku ugonjwa ukiamka. Kijana wa miaka 18 akilazwa, atalazwa wodi ya wakubwa, mbele ya watu ambao hawajawahi kuliona jina lake. Kliniki inayomjua iko jengo la pili, imefungwa mpaka Jumanne.

Inamfaa nani. Kijana ambaye ugonjwa uko juu hivi sasa, aliyebadilishiwa dawa karibuni, au aliye S4 au S6 akisubiri mitihani ya UNEB, baraza la mitihani la taifa. Inamfaa kama kuna tarehe ya mwisho iliyoandikwa. Bila tarehe, siku moja daktari huyo atahamishwa au ataenda masomoni, na kijana atajikuta mlangoni kama sisi.

## Njia ya pili: kliniki ya viungo ya watu wazima, Kampala

Nani anaujua ugonjwa. Hakuna pengine penye ujuzi zaidi nchini. Katika hospitali za rufaa za taifa ndipo wanapokutana mabingwa, madaktari walio masomoni na wagonjwa wengi wa lupasi kwa pamoja. Figo zikiguswa, daktari wa figo hayuko mbali.

Ila jiandae kwa jambo ambalo halikuwa limenijia akilini: ugonjwa unaweza kubadilishwa jina. Madaktari wa watoto wana majina yao na wa watu wazima wana yao. Mtoto mwenye viungo vingi vilivyovimba na kipimo fulani cha damu kilichotoka chanya, ukubwani ataambiwa ana baridi yabisi ya watu wazima. Mvulana aliyeanza na visigino na nyonga, ataambiwa ni ugonjwa wa uti wa mgongo. Binti yangu alidhani amepata ugonjwa wa pili, akalia njia nzima mpaka Jinja. Muulize daktari: "Je, huu ni ugonjwa uleule?" Mara nyingi atasema ndiyo.

Pia, daktari wa watu wazima amezoea wagonjwa wa miaka 50. Kwa hao, uvimbe wa jicho usio na maumivu si jambo la kutafutwa kila baada ya miezi michache. Kwa kijana wetu ni lazima. Kama barua ya rufaa haisemi, kuna hatari asiulizwe. Kwetu halikuulizwa.

Dawa na vipimo. Maabara ni pana kuliko mikoani. Dawa hupungua kule pia, na familia hutumwa kununua nje. Dawa za kibayolojia, zile sindano ghali zinazozuia kemikali za uvimbe, ni adimu na bei yake haishikiki kwa wengi wetu. Kijana akiandikiwa, apimwe kifua kikuu kwanza, kwani kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamshwa nazo.

Safari na fedha. Kutoka Busia ni kama kilomita 200. Kutoka Arua, Kisoro au Moroto ni mbali zaidi. Siku ya kliniki huanza alfajiri na mara nyingi hulazimu kulala Kampala. Kijana wa shule hupoteza siku mbili, na kijana wa kibarua hupoteza ujira wa siku mbili. Hesabu hiyo mara nne kwa mwaka kabla hujaamua.

Sauti ya kijana. Daktari humgeukia yeye. "Wewe ndiye mgonjwa? Niambie." Binti yangu alinitazama, nami nikatazama dirisha. Ilikuwa siku ngumu na nzuri. Upande wa pili, mle kwenye benchi alikaa kati ya wamama wenye vidole vilivyopinda, akadhani ndivyo mikono yake itakavyokuwa. Mwambie mapema: wengi wa wale walianza dawa wamechelewa miaka.

Siku ugonjwa ukiamka. Kwa anayeishi Kampala, Wakiso au Mukono, mlango uko karibu. Kwa wa mbali, ni safari ya usiku na homa, na hapo kliniki bora haina msaada.

Inamfaa nani. Mwenye lupasi iliyogusa figo, ubongo au damu. Ambaye dawa mbili zimeshashindwa. Anayesoma chuo Kampala. Na yeyote ambaye jina la ugonjwa bado lina shaka.

## Njia ya tatu: fizishani wa hospitali ya mkoa, na bingwa kwa mbali

Njia hii haina jina rasmi. Kijana anaandikishwa kliniki ya magonjwa ya ndani ya hospitali ya rufaa ya mkoa, kwetu ni Mbale, kwingine Soroti, Gulu, Arua, Mbarara au Fort Portal. Bingwa wa Kampala humwona mara moja au mbili kwa mwaka, na katikati madaktari hao wawili huzungumza kwa simu au kwa barua.

Nani anaujua ugonjwa. Fizishani wa mkoa anaujua kwa kiasi. Siku hiyohiyo anaona kisukari, presha, ini na moyo. Atakachofanya vizuri ni kufuata mpango ulioandikwa na bingwa, na anastahili kuandikiwa mpango huo vizuri. Ukurasa mmoja unatosha: jina la ugonjwa, viungo vilivyoguswa, dawa na dozi, dawa zilizoshindwa na kwa nini, vipimo gani na kila baada ya muda gani, macho yaliangaliwa lini, chanjo, na dalili zipi zinataka simu Kampala siku hiyohiyo.

Ukurasa huo ni ulinzi hata katika mambo mawili ambayo kila mzazi inafaa ayajue kwa moyo. Methotreksati humezwa mara MOJA kwa wiki. Imeshawahi kuandikwa kwa makosa iwe kila siku katika nchi nyingi, na watu wamekufa. Na haipatani na Septrin, dawa ambayo hapa Uganda hutolewa kwa urahisi kwa kikohozi na kuhara. Zikikutana huweza kuzima uboho unaotengeneza damu. Binti yangu ameandika maneno hayo kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari lake, na musawo (mhudumu wa afya) wa shule aliwahi kurudisha Septrin kwenye kabati kwa sababu ya jalada hilo.

Dawa na vipimo. Picha ya damu, ini, figo na mkojo hupimika mikoani. Kitengo cha macho kipo katika hospitali nyingi za mkoa. Uliza kama wana ile mashine ya taa, na miadi ya macho iwekwe siku moja na ya kliniki. Dawa ndiyo kikwazo. Zikiisha kwenye hospitali, duka la dawa la mji mdogo huenda lisiwe nazo. Sisi hununua za miezi miwili kila tunapozipata.

Safari na fedha. Hapa njia hii inang'aa. Asubuhi unaondoka, jioni umerudi, na kijana wa miaka 18 anaweza kwenda peke yake.

Sauti ya kijana. Inategemea mtu, na mji mdogo una macho mengi. Wapo vijana wanaoogopa kukutana na jirani kwenye foleni, na msichana mwenye swali la uzazi wa mpango ataogopa zaidi. Mwenye lupasi asipewe vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni mpaka ipimwe damu kama ina hatari ya kuganda, kwa hiyo swali hilo si la aibu, ni la tiba.

Siku ugonjwa ukiamka. Mlango uko karibu na faili lako liko humo. Malaria na nimonia, ambazo kwa mwenye kinga iliyopunguzwa na dawa ni hatari kubwa, hutibiwa mapema.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye moyo. Kaskazini mwa Uganda, kituo kikiwa Gulu, watafiti walifuatilia watoto na vijana 818 waliokuwa na dalili za mwanzo za ugonjwa wa vali. Nusu walipigwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 4 kwa miaka 2. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: waliozidiwa na ugonjwa walikuwa 3 kati ya waliopata sindano, na 33 kati ya wasiopata. Ugonjwa ni mwingine na dawa ni nyingine. Lakini kwangu inaonyesha kwamba huduma ya kila mwezi, ikitolewa karibu na anapoishi mtoto na bila kukatika, inaweza kubadilisha maisha mbali na Kampala.

Inamfaa nani. Ambaye ugonjwa umelala au umetulia kwa dawa zilezile kwa miezi 6 na zaidi, anayeishi mbali, na aliye na bingwa aliyekubali waziwazi kupokea simu. Udhaifu wake ni uleule wa njia ya kwanza: fizishani huhamishwa. Kwa hiyo nakala ya ule ukurasa ibaki nyumbani, na picha yake iwe kwenye simu ya kijana.

## Njia ya nne: hospitali binafsi au ya misheni

Nani anaujua ugonjwa. Mara nyingi ni bingwa yuleyule wa hospitali ya serikali, jioni, kwenye chumba kingine. Wazazi wengi hawalijui hilo. Uliza kwanza.

Dawa na vipimo. Majibu huja siku hiyohiyo na dawa hukosekana kwa nadra. Hospitali za misheni nyingi huagiza dawa kupitia ghala lao la pamoja, na bei huwa ya kati.

Safari na fedha. Unalipa kumwona daktari, unalipa kila kipimo, unalipa dawa. Ugonjwa huu ni wa miaka, hivyo usihesabu ziara moja, hesabu mwaka mzima. Kama mnatumia bima ya kazini kwa mzazi, soma mkataba leo: bima nyingi humtoa mtoto akifika umri fulani, na umri huo unaweza kuangukia mwaka uleule anaotoka kliniki ya watoto. Najua familia iliyoanza njia hii kwa nguvu, ikauza ng'ombe wawili, ikaacha mwezi wa tisa. Kijana aliacha prednisoloni ghafla siku fedha zilipokwisha. Dawa hiyo ikinywewa kwa muda mrefu haiachwi ghafla, lazima ipunguzwe polepole, na yule kijana alilazwa.

Sauti ya kijana. Faragha ni nzuri kuliko kwingine kote. Muda upo. Kwa msichana mwenye maswali ya ndoa na uzazi, hiyo ina thamani yake. Mwenye lupasi akitaka mtoto, hushauriwa ugonjwa uwe umetulia angalau miezi 6 kwanza, na dawa zibadilishwe mapema. Mazungumzo hayo hayafanyiki kwenye foleni ya watu 80.

Siku ugonjwa ukiamka. Hufunguliwa usiku, lakini mara nyingi huombwa malipo ya mwanzo.

Inamfaa nani. Familia yenye kipato cha uhakika au bima inayoendelea. Na pia inamfaa asiye na fedha nyingi kama daraja: ziara moja au mbili ili bingwa aandike mpango, kisha kijana arudi mkoani nao.

## Na kuvuka mpaka?

Sisi wa Busia na Malaba huulizana kuhusu Kisumu na Nairobi. Nairobi wapo madaktari bingwa wa viungo wa watoto na wa watu wazima, na Kiswahili kinatuvusha bila mkalimani, jambo ambalo kwa wengi wetu linapunguza hofu. Nadhani inafaa kwa kutafuta maoni ya pili pale ugonjwa unapokataa kueleweka. Kwa vipimo vya kila miezi miwili haifai. Ukienda, rudi na barua, na jina la dawa liandikwe la kitaalamu, si la kampuni, ili lipatikane upande huu.

## Kuchagua kulingana na hali yako

Mtoto bado ana miaka 11 hadi 14: usichague hospitali sasa, anza maandalizi. Mapendekezo ya vyama vya madaktari wa viungo wa Ulaya, ya mwaka 2017, yanasema mazungumzo ya kuhama yaanze mapema, kuanzia miaka 11 na yasichelewe kupita 14. Nilipoyasoma nilisikitika, maana kwetu yalianza na kuisha siku moja. Mpe mtoto daftari alibebe yeye. Ataje dawa zake mwenyewe kwa daktari. Akifika 15, wewe toka nje dakika tano za mwisho.

Ana 16 au 17, ugonjwa uko juu: abaki njia ya kwanza, lakini aanze kuonwa pia na kliniki ya watu wazima. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Miadi ya mwisho ya utotoni iwe baada ya ile ya kwanza ya ukubwani, si kabla. Mwombe daktari wa watoto ampigie mwenzake simu mbele yenu. Wengi hukubali wakiombwa.

Ana lupasi yenye figo: njia ya pili, hata kama ni mbali, angalau mpaka mkojo uwe safi kwa muda ambao bingwa ataridhika nao. Mkiishiwa nauli, semeni. Bingwa akijua anaweza kupanga vipimo vya katikati vifanyike mkoani.

Ugonjwa umelala na mnaishi mkoani: njia ya tatu, na ukurasa ule mmoja.

Anaingia chuo au anahamia mji mwingine kwa kazi: hamisha kliniki kabla ya kuhamisha godoro. Muhula wa kwanza ndio hatari zaidi.

Kijana anakataa kliniki kabisa, amechoka: usianze na hospitali. Mtafutie kijana mwenzake mwenye ugonjwa kama wake. Wizara ya Afya imewafunza vijana wanaoishi na VVU kuwasaidia wenzao kupitia mpango wa YAPS, na ningependa sana vijana wetu wa lupasi na baridi yabisi wapate wao kitu kama hicho. Mpaka hapo, muulize muuguzi wa kliniki kama kuna kijana aliye tayari kuzungumza na mwenzake. Binti yangu, sasa ana miaka 22, amezungumza na watatu. Mmoja alimwambia, "Dada, mimi sijameza tangu Pasaka." Walikwenda pamoja Mbale Jumatano iliyofuata, wakaanza na chumba cha macho.